Sanduku la Sauti Tatu

Redio ya kaseti yenye santuri juu yake, ile ya bei nafuu iliyopamba sebule za Mbeya, haistahiki sifa ya utamu wa sauti. Spika zake ni ndogo, na besi yake hafifu. Fadhila yake ni kitufe cha kurekodi. Kabla ya redio za binafsi kuanza miaka ya 1990, shairi au wimbo wa Redio Tanzania Dar es Salaam ulinaswa humo humo, bila waya wala fundi; na si nyimbo zote za bendi zetu zilizopata santuri. Leo mkanda wa mpira wa ndani umelegea, na mwimbaji anakokota maneno kama mlevi. Ubadilishwe huo kwanza. Sanduku litang'arishwa baadaye.