Sandy Koufax: Mashoto Aliyejifunza Kulegea

Kwa miaka sita ya mwanzo, Sandy Koufax alikuwa mrushaji wa besiboli mwenye kipaji asiyetegemeka. Mashoto huyu, mzaliwa wa Brooklyn, alianza kuichezea timu ya Dodgers mwaka 1955, na hadi 1960 inakwisha alikuwa ameshinda michezo 36 na kupoteza 40. Kasi alikuwa nayo. Shabaha ndiyo ilimkimbia: mwaka 1960, katika vipindi 175, wapigaji 100 walitembea bure hadi kituo cha kwanza kwa sababu aliwarushia mipira minne nje ya eneo halali.

Husimuliwa kwamba mdakaji Norm Sherry ndiye aliyemtibu, katika mchezo wa maandalizi huko Florida mwaka 1961, alipomwambia asirushe kwa nguvu zote. Ni kweli, lakini Koufax hakugeuka mrushaji wa polepole. Alichoacha ni kujikakamua. Bega likikazwa, vidole huuachia mpira mapema au kwa kuchelewa, na kosa dogo la vidole huwa kubwa mpira ukishasafiri mita 18 hadi kwa mpigaji. Alipolegea, kasi ilibaki, maana ilitoka miguuni na kiunoni. Mwaka 1963 alirusha vipindi 311 na kutoa nafasi za bure 58 tu.

Utamu wenyewe hasa uko kwenye mpira wake wa kupinda. Mashoto wengi huupindisha kwa upande. Unamsumbua mpigaji wa mkono wa kushoto, lakini yule wa mkono wa kulia, na hao ndio wengi, huuona vizuri ukimjia. Koufax aliutoa juu ya kichwa, vidole vyake virefu vikiuzungusha kuelekea mbele, ukaporomoka kutoka juu kwenda chini. Mpigaji asimame kulia au kushoto, tabu ilikuwa ileile.

Na bado, katika mchezo wa saba wa fainali ya 1965 dhidi ya Minnesota Twins, akiwa amepumzika siku mbili tu, mpira huo ulimgomea. Akategemea ule wa kasi karibu peke yake, akawatoa wapigaji kumi kwa kuwakosesha, na Dodgers wakashinda 2–0. Sioni ushahidi mkubwa zaidi wa shabaha aliyoipata.

Kiwiko cha kushoto kilikuwa tayari kimeshikwa na baridi yabisi. Mwaka 1966 alirusha vipindi 323, akashinda michezo 27, na Novemba akastaafu akiwa na umri wa miaka 30.