Hongera Wachora Ramani wa Dar es Salaam

Mvua za Desemba 2011 ziliua watu Dar es Salaam na kuzamisha nyumba nyingi za bonde la Msimbazi. Wakazi wa Jangwani, Kigogo na Tandale walijua kila masika maji hupita wapi, lakini ujuzi huo waliubeba kichwani tu.

Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulianza kuuweka kwenye ramani. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi waliingia vichochoroni wakiongozana na wenyeji, simu na vifaa vya GPS mkononi. Walirekodi mitaro, makalvati, njia na majengo, kisha wakaviingiza katika OpenStreetMap, ramani ambayo yeyote huitumia bila malipo. Wenyeji waliulizwa maji yalifika wapi: kifundoni, magotini au kiunoni?

Swali hilo nalipenda kuliko mitambo yote. Mama aliyeokoa godoro na watoto usiku wa mafuriko hahitaji rula. Anaonyesha alama ukutani, na neno lake linakuwa takwimu ya mhandisi. Wanafunzi wale nao walikanyaga matope kwa ajili ya mitaa ambayo wengi wetu huipita tukiwa ndani ya daladala, madirisha yamefungwa.

Ni kweli, ramani haizibui mtaro uliojaa chupa za plastiki. Lakini mhandisi anayechora mtaro mpya Tandale leo hana kisingizio cha kuanza bila kuwasikiliza wanaoishi kando yake.