Mkono Chini ya Taa ya Buluu

Aliyewahi kuchambua mchele jioni, taa hafifu, ungo magotini, anajua kwamba mawe meusi si tatizo. Tatizo ni kale kajiwe keupe, umbo na rangi sawa na punje, ambako hugunduliwa na jino. Glioblastoma, saratani kali inayoanzia ndani ya ubongo wenyewe, ni ugonjwa wa kajiwe keupe. Katikati yake huenda pameoza na kubadilika rangi, hata mwanafunzi atapaona. Pembezoni ndiko kwenye shughuli: seli zake zimejipenyeza kati ya seli nzima, na ukitazama, ukigusa, unaona ubongo tu.

Na hapo mkono hauruhusiwi kukosea upande wowote. Ukibakiza, uvimbe hurudi upesi zaidi. Ukizidisha, unaondoka na usemi wa mtu, au na nguvu za mkono wake wa kulia. Mpasuaji wa utumbo anaweza kukata sentimita kadhaa za ziada ili alale usingizi. Mwenzake wa ubongo hana nafasi hiyo.

Picha za MRI zipo, na kompyuta huonyesha ncha ya chombo imefika wapi. Lakini fuvu likishafunguliwa na maji yanayouzunguka ubongo yakatoka, ubongo hutitia. Picha iliyopigwa jana inaendelea kuonyesha ubongo wa jana.

Katika miaka ya 1990, mjini Munich, mpasuaji Mjerumani Walter Stummer na wenzake walianza kuufanya uvimbe ujitaje wenyewe. Wazo la kuutia mwanga halikuwa geni: George Moore wa Minnesota, Marekani, alishajaribu rangi ya fluoresini mwishoni mwa miaka ya 1940. Uzuri wa njia ya Munich ni kwamba haitumii rangi. Saa tatu hivi kabla ya nusu kaputi mgonjwa hunyweshwa asidi ya aminolevuliniki iliyoyeyushwa kwenye maji, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito wake. Kitu hicho mwili hukitengeneza wenyewe kila siku. Ni hatua ya mwanzo katika kuunda hemu, ile sehemu inayobeba chuma na kuipa damu wekundu wake. Seli ya uvimbe hukipokea, hukigeuza kuwa protopofirini, kisha huzembea hatua ya mwisho, ya kutia chuma. Protopofirini inarundikana humo kama matofali yaliyoletwa kiwanjani na fundi hakutokea. Uzembe huo ndio unaoisaliti: ukiimulika kwa mwanga wa buluu-zambarau wa nanomita 400 hivi, inarudisha mwanga mwekundu.

Zitazame video za upasuaji huu ukipata nafasi, na usiishie kutazama rangi. Taa za chumba hupunguzwa. Hadubini imevikwa nailoni safi. Mpasuaji anabonyeza kitufe, na uwanja mzima, ambao punde ulikuwa wa rangi ya maziwa na damu, unageuka buluu iliyokolea. Penye uvimbe ulio hai panawaka wekundu wa kaa la moto. Pembeni yake wekundu unapauka kuwa waridi, na waridi nayo inayeyukia kwenye buluu bila mstari wa kusema mwisho ni hapa.

Sasa angalia mikono. Mmoja una saksheni, bomba la kufyonzea, mwingine kikoleo cha umeme cha kuziba mishipa. Tone moja la damu linatosha kufunika ule wekundu, kwa hiyo anaosha kwa maji ya chumvi, anafyonza, anaweka kipamba, anasubiri, anakitoa, anatazama tena. Chini ya buluu mishipa midogo haionekani vizuri. Damu ikitoka, anarudi kwenye mwanga mweupe, anaiziba, ndipo anarudi kwenye buluu. Mara kadhaa. Mwanga haupindi kona, hivyo wekundu unaweza kujificha nyuma ya ukingo wa nyama iliyoinama; anaizungusha hadubini, anauinua ukingo taratibu, na kaa jingine linajitokeza. Hawezi kumulika bila kikomo pia, maana mwanga uleule unaoufichua uvimbe huichujua protopofirini. Na pale katikati palipooza hapang'ai kabisa, ingawa ni uvimbe. Taa hii inahitaji mtu anayejua inapodanganya.

Jaribio kubwa lililofanyika Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2006 lililinganisha upasuaji wa taa ya buluu na ule wa mwanga wa kawaida. Kwa taa ya buluu, uvimbe unaoonekana kwenye MRI uliondolewa wote kwa asilimia 65 ya wagonjwa. Kwa mwanga wa kawaida, asilimia 36. Baada ya miezi sita, asilimia 41 walikuwa hawajaona ugonjwa ukisonga mbele, dhidi ya 21. Jumla ya muda wa kuishi haikuonyesha tofauti ya wazi, na anayekuuzia taa hii kama tiba anakudanganya. Ulaya iliidhinisha dawa ile anayonyweshwa mgonjwa mwaka 2007, Marekani mwaka 2017.

Ninachokistaajabia zaidi ni pale mkono unaposimama. Karibu na sehemu inayoendesha misuli, mpasuaji hugusisha kijiti chenye umeme mdogo. Umeme ukiwa mdogo hivyo na bado kidole cha mgonjwa kikashtuka, njia ya mkono iko karibu mno. Waridi bado inang'aa mbele yake. Anaiona, chombo kimo mkononi, na anaiacha.

Kisha utando unashonwa, kipande cha fuvu kinarudishwa mahali pake. Mgonjwa huwekwa kwenye chumba chenye mwanga mdogo, kwa sababu dawa ile huifanya ngozi iungue upesi kwa jua kwa angalau saa 24. Akizinduka, anaulizwa jina lake, kisha anaombwa aunyanyue mkono.