Kikasha cha Udi

Mzee Saleh Omar anatua Gatwick na pasipoti yenye jina la mtu mwingine, na ndani ya mkoba wake mna kikasha cha udi. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza. Ofisa wa uhamiaji anamhoji, anapekua mkoba, anakifungua kikasha, ananusa, anauliza hiki nini. Mzee kimya. Mwishowe ofisa anakichukua. Ndivyo Abdulrazak Gurnah anavyotuingiza katika By the Sea, riwaya aliyoitoa mwaka 2001, na sijasoma ukurasa mwingine unaoonyesha vizuri kiasi hicho ufundi wa kuandika habari za mtu anayeanza maisha ugenini.

Tazama kazi yenyewe ilivyofanywa. Machozi hayamo. Mwandishi anatusimulia udi ule ulikotoka: kwa Hussein, mfanyabiashara wa Bahrain aliyefika Unguja na pepo za msimu, akaacha nyuma yake deni lililokuja kuivuruga nyumba nzima. Kwa hiyo kikasha kinapochukuliwa, sisi wasomaji tunajua kilichochukuliwa, aliyekichukua hajui. Riwaya yote imesimama juu ya pengo hilo. Fundi asiyekomaa angemfanya mzee aseme anaumia. Gurnah amemnyima hata ulimi, na kwa kumnyima ametufanya sisi tuseme kwa niaba yake.

Kisha anafanya jambo la ujasiri zaidi. Katika mji mdogo wa pwani ya Uingereza anamkutanisha mzee huyu na Latif Mahmud, mtoto wa yule ambaye jina lake limo katika ile pasipoti. Wawili hawa wanakaa wanasimuliana, kila mmoja ana nusu yake ya ugomvi wa zamani, na ugomvi wenyewe ni wa nyumba na samani huko kwao. Uingereza inabaki dirishani. Maisha mapya ya mzee, kwa kweli, yanaanza siku anapopata mtu wa kumsikiliza.

Ustadi huu haukuja haraka. Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948, akaondoka akiwa kijana miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987. Tuzo ya Nobel ikaja 2021, na mwaka uliofuata Ida Hadjivayanis akatupatia Peponi, tafsiri ya Paradise ya 1994. Nafurahi kwamba sasa msomaji wa Sumbawanga anaweza kumfuata kijana Yusuf na msafara wa Aziz kuelekea bara katika Kiswahili chake mwenyewe.

Nasema Sumbawanga kwa makusudi. Mji huo uko Ufipa, na Ufipa ina simulizi yake ya kale ya wageni, ambayo Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti huku miaka ya 1960, aliiandika. Wanawake watatu wageni walifika Milansi, makao ya mtawala, mwenyewe akiwa mawindoni. Mkewe akawapokea, akawapa kigoda cha utawala. Mume aliporudi, mambo yalikuwa yamekwisha: nchi ikawa ya ukoo wa wageni hao, Twa, Milansi ikabaki na heshima yake ya kale. Kinachonivuta hapa ni kwamba kisa kinaanzia mlangoni, kwa mwenyeji. Tunamwona mwanamke aliyebaki nyumbani peke yake akiamua nani akae wapi. Riwaya nyingi za ughaibuni humsahau mtu huyo, au humfanya ukuta tu wa mgeni kujigonga. Gurnah hakumsahau: yule ofisa wa Gatwick ana jina, Kevin Edelman, na ana historia ya wazazi wake, ambao nao walihamia Uingereza.

Na habari za kuandikwa zipo tele. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa makazi Katumba na Mishamo, leo mkoa wa Katavi. Mwaka 2014 wao na wenzao wa makazi ya Ulyankulu, zaidi ya watu 150,000, wakaanza kupewa vyeti vya uraia. Wasukuma wameteremka na ng'ombe wao hadi bonde la Ziwa Rukwa. Wakongo wamevuka Ziwa Tanganyika.

Mchukue mmoja wa hawa wa mwisho, mkulima wa mihogo, umpandishe uwanda wa juu wa Ufipa mvua zikiwa zimekolea. Anawaona majirani wanakwatua nyasi pamoja na udongo wake, wanazifukia, wanainua matuta ya duara, ntumba, na juu yake wanapanda maharage. Hajui kwamba nyasi zinaozea humo ndani, wala kwamba msimu ujao matuta yatabomolewa na kusambazwa ili ulezi uote. Anashika jembe, anaiga. Tuta lake linaporomoka, mizizi inatazama juu. Mama wa shamba la pili amesimama njiani, ameona.

Mwandishi akifika hapo asituambie mgeni alijisikia mpweke. Atuambie mama yule alifanya nini, na kama alitia mguu shambani, nani alimwona akifanya hivyo, na jioni ile nyumbani kwake palisemwa nini.