Sifa za Fundi wa Bushi

"Gari inagonga chini," husema dereva, na fundi mwenye pupa huanza kutaja vya kununua: shokapu, boljointi, linki za stabilaiza. Vikishabadilishwa vyote, mlio bado upo. Fundi ninayemsifu hapa huuliza kwanza linagonga lini. Ukimwambia "nikikanyaga breki", au "nikianza kuondoka", keshaelekeza macho kwenye bushi za wishboni, ule mkono unaounganisha gurudumu na bodi, maana ndizo zinazoushikilia usirudi nyuma gurudumu linapozuiwa.

Kutikisa gurudumu hakumtoshi. Huingia chini na mtalimbo, akauchomeka kati ya wishboni na bodi, akabinya taratibu. Ufundi uko hapo, kwa kuwa bushi nzima nayo husogea. Imeundwa isogee: ni mpira ulionatishwa kwenye bomba la chuma, na wishboni ikipanda na kushuka hakuna kinachoteleza, mpira wenyewe hujisokota na kurudi. Nyingine zina matundu ya makusudi, ambayo mwanagenzi hudhani ni mipasuko. Mwenye jicho hutafuta mpira ulioachana na chuma, ufa uliozama, au chuma kinachogusana na chuma. Nyufa nyembamba za juujuu huziacha. Wangapi wameuziwa bushi wasizozihitaji!

Kutoa ya zamani ni kazi ya presi. Wapo wanaotumia nyundo na kipande cha bomba, na wachache wana mkono wa kuiweza, ila wishboni ya bati ikishapinda hainyooki tena kama ilivyokuwa. Kabla hajaitoa, fundi wangu huchora alama kuonyesha matundu yalielekea wapi. Kulainisha ni kwa maji ya sabuni. Grisi na oili huuvimbisha mpira wa asili na kuuharibu.

Lakini heshima yangu kubwa ni kwa bolti ya mwisho. Gari likiwa juu ya jeki, wishboni zinaning'inia. Ukikaza hapo, umeifunga bushi katika mkao wa kuning'inia. Gari likishushwa, mpira unabaki umesokotwa hata likiwa limeegeshwa usiku kucha, na haukawii kuchanika. Fundi wangu huziacha bolti zikiwa hazijabana, akalishusha gari likakaa kwa uzito wake, au akaipandisha wishboni kwa jeki ya pili hadi kimo chake cha barabarani. Ndipo hukaza. Mteja yuko kwenye benchi anatazama saa, wala hajui kuwa dakika hizo ndizo hasa anazozilipia.

Basi ukipeleka gari, muulize fundi: bolti za wishboni utazikaza gari likiwa limening'inia au limekaa? Akikujibu "limekaa", mwachie ufunguo. Ukitoka kwake pitia kwa mpima alaimenti kabla hujanunua tairi jipya, kwa kuwa alaimenti ikiwa mbovu tairi huliwa, na lililokwisha kuliwa upande wa ndani halirudi.