Rangi za Maji Mtaani Malukhu

Baadhi ya kamusi hutupatia neno "vuli" kwa majira ambayo huko Ulaya majani hupukutika. Malukhu, mtaa wa viwanda mjini Mbale, hauna majira kama hayo; miezi hiyo huja na mvua, na mlima wa Wanale huonekana na kutoweka winguni juu ya mapaa ya bati. Mandhari hiyo yafaa mno kuchorwa kwa rangi za maji. Lakini je, tumewafunza vijana wetu kuitazama?

Swali hili laturudisha Makerere. Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa huko mwaka 1937, aliwasimulia wanafunzi wake kisa, kisha akawataka wachore yale waliyoyaona akilini mwao. Njia hiyo ilizaa matunda mema. Sam Ntiro (1923–1993), mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesoma hapo, alichora migomba, kazi na sherehe za kwao. Mchoro wake wa mwaka 1956, wa wanaume wanaompelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, umehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York. Ntiro hatumlaumu, maana alikumbuka alichokijua. Twawalaumu wanaomwiga bila kuwa na kumbukumbu zake. Mtoto aliyekulia kando ya kinu cha mahindi, akiambiwa achore kwao, aghalabu huchora kibanda cha nyasi na jua linalochomoza kati ya milima miwili. Huo ni mchoro wa kukariri, ndugu wa ile insha ianzayo "Hapo zamani za kale".

Rangi za maji hazikubali kukariri. Weupe wake ni karatasi iliyoachwa tupu. Basi mchoraji hana budi kuamua mapema ni wapi mwanga unaliangukia bati, kwani akishapaka rangi hapo ni taabu kuurudisha. Hewa ya majira ya mvua ni nzito, rangi hukawia kukauka, na mvua ya alasiri haimngoji mtu. Kutu, moshi, matope na gunia begani mwa mchukuzi sharti vitazamwe palepale vilipo.

Yafaa, basi, walimu wenzetu wawatoe wanafunzi nje, wawe na brashi au na kalamu. Kijiji kimekwisha kumpata Ntiro wake. Mtaa wa viwanda nao wastahili wake.