Taa Iliyofifia Kweli

Waingereza wana neno gaslight. Kwa asili ni mwanga wa taa ya gesi tu, lakini siku hizi ni jina la aina ya udanganyifu, na mwaka 2022 kamusi ya Merriam-Webster ya Marekani ilitangaza umbo lake gaslighting kuwa neno la mwaka. Sasa kila uongo huitwa hivyo: mwanasiasa akikana ahadi yake, muuzaji akisifia bidhaa mbovu. Mimi naona neno linachakazwa, na ili kujua kinachopotea hatuna budi kurudi lilikozaliwa.

Lilizaliwa katika mchezo wa kuigiza wa Patrick Hamilton, uliooneshwa Uingereza mwaka 1938. Wengi tunaufahamu kwa filamu ya George Cukor ya mwaka 1944, iliyompatia Ingrid Bergman tuzo ya Oscar. Mume, Gregory, amemwoa Paula kwa tamaa ya vito vya shangazi yake, ambaye yeye mwenyewe alimwua miaka ya nyuma. Kila usiku huaga kwamba anatoka, kumbe hupenya darini mwa nyumba yao kuvitafuta. Awashapo taa kule juu, gesi hugawanyika, na mwanga chumbani kwa mkewe hufifia. Mchana huficha vitu, mara pambo la kifuani, mara picha ya ukutani, kisha humsadikisha mkewe kuwa ndiye aliyevificha akasahau.

Wengi husimulia kwamba Gregory alipunguza taa ili kumtia mkewe wazimu. Sivyo! Kufifia kwa taa hakukuwa hila yake hata kidogo. Kulikuwa ushahidi uliomponyoka. Paula aliona jambo la kweli kwa macho mazima. Kilichoharibiwa ni kuyaamini macho hayo.

Sisi tuna kiini macho, lakini hicho ni kinyume kabisa. Mfanya kiini macho hulidanganya jicho na kuiacha akili salama. Mtazamaji hucheka, pengine na kulipa. Kulaghai, kuhadaa na kughilibu nako hakufiki huko, kwa kuwa aliyelaghaiwa akigundua hukasirika. Paula hakasiriki. Anaomba radhi.

Kwa hiyo siafikiani na kamusi ile ilipoipanua maana hata ikaingiza upotoshaji wowote mkubwa wa kujinufaisha. Mwongo wa kawaida anataka uuamini uongo wake. Gregory anataka mkewe asijiamini tena. Mwanamke aliye katika nyumba ya namna hiyo leo akilitamka neno hili, msikilizaji atadhani amedanganywa tu, kama sisi sote tunavyodanganywa sokoni.

Katika filamu, kabla mume hajakamatwa, mpelelezi anaingia chumbani na kukaa na Paula. Taa inafifia. Paula anamwuliza kwa woga kama naye ameona, naye anajibu kwamba ameona.